Chai haina sukari, chapati je? Maswali na majibu kuhusu wanga

Jumamosi moja nilialikwa na akina mama wa kikundi cha vikoba huku Mbagala, nikazungumze nao habari za kisukari. Kabla sijaanza, bibi mmoja akajitapa kwamba yeye sukari ameiacha tangu Ramadhani iliyopita. Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai ya rangi isiyo na hata chembe ya sukari, na pembeni yake sahani yenye chapati 3. Maswali yote yalianzia kwenye sahani ile.

Mjukuu wangu, kwani chapati ina sukari? Mbona si tamu?

Ndiyo, bibi, ila imefungwa. Wanga ni mnyororo mrefu wa vipande vya sukari iitwayo glukosi, mamia mpaka maelfu, vimeshikana. Mnyororo ukiwa mrefu hivyo ulimi hauuonji. Ukifika kwenye utumbo mwembamba, vimeng'enya vinaukatakata mpaka kipande kimoja kimoja, na hicho ndicho kinachoingia kwenye damu.

Si lazima uniamini mimi. Chukua kipande cha chapati au tonge la ugali bila mboga, litafune dakika nzima usimeze. Mate yana kimeng'enya kinachoitwa amilesi, kinaanza kazi humo humo mdomoni, na utamu unakuja kwa mbali. Bibi alijaribu palepale. Sote tukanyamaza tukimtazama anavyotafuna. "Ee," akasema, "kweli jamani."

Sasa hesabu. Katika kila gramu 100 za unga wa ngano, takriban gramu 75 ni wanga. Kilo moja ukiitolea chapati 15, kila chapati inabeba kama gramu 50. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4. Yaani chapati moja ni vijiko 12, na bibi wa watu alikuwa amejinyima viwili tu vya kwenye chai!

Lakini sukari yenyewe ndiyo mbaya zaidi, au sivyo?

Inategemea unapima nini. Kwa kasi ya kupandisha sukari kwenye damu, mkate mweupe haushindwi na sukari ya mezani. Tofauti ni kwamba sukari ya mezani haikuletei kitu kingine, na ni rahisi kuizidisha bila kujua. Nyumba nyingi hapa Dar sukari hutiwa kwenye sufuria au chupa ya chai, kwa hiyo hakuna anayejua amekunywa vijiko vingapi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu anayekula kilokalori 2,000 hiyo ni gramu 50, na likasema ni heri zaidi isifike hata nusu yake. Soda ya kola ya mililita 350 peke yake ina zaidi ya gramu 35.

Nikitumia sukari guru au asali je?

Guru, sukari ya kahawia na nyeupe zote ni sukrosi, yaani glukosi moja imeshikana na fruktosi moja. Juisi ya miwa ni sukrosi hiyo hiyo kabla kiwanda hakijaikausha. Asali ina glukosi na fruktosi zilizokwisha kuachana. Wanaoiita dawa sibishani nao, ila kwenye damu inahesabiwa kama sukari (na mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kabisa). Maziwa yana laktosi. Kama maziwa mabichi yakichemshwa bado yanakuvuruga tumbo, jaribu mgando, kwa kuwa bakteria wamekwisha kula sehemu ya laktosi hiyo.

Kwa nini basi tusiache vyote?

Kwa sababu mwili unavitumia. Ubongo wa mtu mzima peke yake hula kama gramu 120 za glukosi kwa siku, hata ukiwa umelala. Ini huweka akiba ya karibu gramu 100, na misuli kama gramu 400. Cha ajabu ni damu: lita 5 zote za mtu mwenye afya, asubuhi kabla hajala, zina glukosi ya gramu 5 tu hivi. Kijiko kimoja! Ukila chapati 3, kongosho inabidi itoe insulini haraka ili glukosi ihamie kwenye misuli na ini. Anayebeba mizigo sokoni ana misuli inayoisubiri. Sisi wa kukaa dukani kutwa, akiba imejaa tangu jana, na inayozidi inageuzwa mafuta.

Sembe na dona, kuna tofauti?

Ipo. Dona ina ganda na kiini cha hindi, na humo ndimo yalimo makapi-mlo, nyuzinyuzi ambazo vimeng'enya vyetu haviwezi kuzikata. Zinapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na choo kinakuwa laini. Maharage yana nyuzinyuzi nyingi zaidi, ndiyo maana ugali kwa maharage ni tofauti na ugali kwa soda. Embe nalo ulile zima, usilisage na kulichuja. Hata wali uliopoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya ukawa mgumu kumeng'enywa, lakini kwa joto la Dar kiporo kilale kwenye friji, si mezani.

Kwenye sahani yangu mimi, mboga za majani hujaza nusu, ugali robo, samaki au maharage robo. Bibi alicheka. "Robo ya sahani ipi?"

Na mwenye kisukari, sukari ikimshuka?

Hapo sukari ya mezani inakuwa dawa. Akitetemeka, akatoka jasho la baridi, au kipimo kikasoma chini ya 3.9 (kwa mmol/L), mpe vijiko 3 au 4 vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Chapati haifai, itachelewa. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini rudia. Ikipanda ndipo ale chakula. Aliyepoteza fahamu usimnyweshe chochote, atapaliwa. Mlaze ubavu, na bajaji ya kwanza itakayopita impeleke hospitali.