Vivien Thomas: fundi wa moyo aliyeandikishwa mfagizi

Mzazi anayefika mara ya kwanza kwenye kliniki yetu ya moyo ya watoto huulizwa swali moja linalomshangaza: mtoto akikimbia kidogo, huwa anachuchumaa? Kina mama wengi hushtuka, maana wamemwona akichuchumaa siku nyingi wakadhani ni mchezo. Kumbe mtoto mwenye kasoro nne za moyo tunazoziita tetralojia ya Fallot akichuchumaa, damu nyingi zaidi hupata kwenda kwenye mapafu. Ni tiba aliyojigundulia mwenyewe. Midomo na kucha zake huwa na rangi ya bluu kwa sababu damu yake haina oksijeni ya kutosha.

Mtoto akiwa bado mdogo mno kwa upasuaji mkubwa, tunaweza kumtengenezea njia ya pembeni kati ya mshipa unaopeleka damu mkononi na ule unaoipeleka kwenye mapafu. Wodini tunaiita BT. B ni ya Alfred Blalock, daktari wa upasuaji. T ni ya Helen Taussig, daktari wa moyo wa watoto aliyeleta wazo. Vivien Thomas, aliyefanya kazi hiyo maabara mpaka ikakubali, hana herufi.

Thomas, Mmarekani Mweusi, alizaliwa Louisiana mwaka 1910 na kukulia Nashville. Ufundi alikuwa nao mikononi kwa kuwa baba yake alikuwa seremala. Alidunduliza ada ya chuo akitaka kuwa daktari, lakini msukosuko wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliangusha benki aliyoweka fedha zake, na akiba ikaenda nayo. Miezi michache kabla benki haijaanguka, Februari 1930, alikuwa ameajiriwa na Blalock kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Muda si mrefu akawa anapasua mishipa ya wanyama wa majaribio, anaandika vipimo na kukokotoa matokeo. Kwenye orodha ya mishahara, hata hivyo, alikuwa mfagizi, na alilipwa kama mfagizi.

Hapo ndipo ninapotaka tutulie. Tukisikia ubaguzi wa rangi tunafikiria matusi, au mtu kufukuzwa hotelini. Ubaguzi wa kimfumo hauhitaji mtu wa kutukana. Karani anajaza fomu, kwenye fomu hakuna daraja la mtafiti Mweusi, basi anaandika daraja lililopo. Karani huyo jioni anarudi kwake akiwa na amani kabisa.

Mwaka 1941 Blalock alipoitwa Johns Hopkins, chuo kikuu chenye hospitali mjini Baltimore, alimchukua Thomas. Weusi walioajiriwa hospitalini pale walikuwa wafagizi, kwa hiyo Thomas alipopita koridoni na koti jeupe watu walisimama kumtazama. Taussig alipoeleza tatizo la watoto wake wa bluu, Thomas alishinda maabara karibu miaka miwili, akifanya majaribio kwa mbwa wapatao 200. Sindano za kushonea mishipa midogo namna ile hazikuwepo, kwa hiyo alizikata zilizokuwepo na kuzinoa upya kwa mkono.

Tarehe 29 Novemba 1944 mtoto Eileen Saxon, mwenye umri wa miezi 15 na uzito wa kilo nne tu, aliwekwa mezani. Blalock alikuwa ameifanya kazi ile kwa mbwa mara moja tu, tena akiwa msaidizi wa Thomas. Akataka Thomas asimame nyuma yake. Thomas akasimama juu ya kistuli, akichungulia kupitia bega la bosi wake, akimwelekeza ashone wapi na sindano ielekee upande gani. Mtoto alipata nafuu, ingawa baadaye ugonjwa ulimrudia na hakufikisha miaka miwili. Mwaka 1945 ripoti ilipotoka katika jarida la madaktari wa Marekani, Thomas hakutajwa hata kwenye shukrani.

Wapo wanaomtetea Blalock, na kwa kiasi wana haki: alimpigania Thomas kazini. Lakini Thomas huyohuyo alikuwa akiongezea kipato kwa kuhudumia vinywaji kwenye sherehe za Blalock, akiwamiminia glasi wapasuaji aliowafundisha kushona mishipa mchana. Mwaka 1947 aliulizia kusoma udaktari. Chuo kikamwambia aanze mwaka wa kwanza kama kijana yeyote. Akapiga hesabu: angemaliza akiwa na miaka 50. Akaacha.

Mwaka 1971, Blalock akiwa ameshafariki, wapasuaji waliofunzwa na Thomas walimchoresha picha yake ya kutundikwa ukutani. Mwaka 1976 Johns Hopkins kikampa shahada ya heshima, ila ya sheria, kwa sababu kanuni hazikuruhusu kumpa ya udaktari wa tiba. Walau tangu hapo wakaanza kumwita Dokta Thomas. Alifariki Novemba 1985.

Siku hizi wapasuaji wengi huandika BTT. Daftari letu la chumba cha upasuaji bado limejaa BT, kurasa kwa kurasa. Karibuni mwanafunzi mmoja aliongeza T ya pili kwa kalamu, ndogo, pembeni, bila kumwomba mtu ruhusa. Sijaifuta.