Mwanga na giza kwa duvi wa nyumbani: maswali na majibu

Shule zikifungwa, watoto wa Lamu na Malindi hurudi kutoka ufuoni na duvi ndani ya ndoo, na si wote wanaokubali kumrudisha. Wazazi huuliza chakula na maji. Mwanga huulizwa mwisho, mara nyingi mnyama akiwa tayari amelegea. Duvi ninayemzungumzia hapa ni yule wa nchi kavu, wa jenasi ya Coenobita, anayetembea mchangani na kombe la konokono mgongoni. Katika fukwe zetu yumo Coenobita rugosus. Wale wadogo wanaoishi majini, kwenye mikoko na miamba, hawafugiki katika beseni. Waacheni huko huko.

Duvi hutoka usiku. Mwanga wa nini?

Wa kumwambia kwamba usiku umefika. Mwili wake una saa ya ndani, kama ilivyo kwa wanyama wengi na kwetu sisi, na saa hiyo hurekebishwa kila siku na alfajiri na magharibi. Kukicha hujichimbia au huingia chini ya majani, kwa sababu mchana una kunguru na jua la kumkausha. Giza likiingia hutoka, hutafuta chakula kwa kunusa kwa vipapasio vyake, hunywa, huchimba, hukagua makombe mengine. Ukimweka kwenye kona yenye kiza kile kile saa zote, au chini ya taa isiyozimwa, unamnyima dalili anayoitegemea. Ninachomwomba kila mfugaji ni kimoja: mpe mchana ulio mchana na usiku ulio usiku. Watu wengi huhangaikia nusu ya kwanza wakaisahau ya pili.

Saa ngapi za mwanga kwa siku?

Saa 12 za mwanga na 12 za giza. Hapa tumepewa ratiba hiyo bure. Lamu na Malindi ziko karibu sana na ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki nusu saa. Ukisoma maelekezo ya wafugaji wa Ulaya utaona yamejaa taa na vifaa vya kuziwasha na kuzizima. Usishangae: London mwezi wa Desemba hupata mchana wa karibu saa 8 tu, na duvi anayefugwa huko asili yake ni pwani za joto. Huku kwetu, chumba chenye dirisha zuri kinamtosha kwa mchana wote, bila taa hata moja.

Nyumba yetu iko mtaa wa Mkomani, Lamu, ya mawe, na vyumba vya ndani vina kiza. Nimweke wapi?

Nyumba za zamani za Lamu zilijengwa ili joto lisiingie: kuta nene za mawe ya matumbawe, na vyumba vilivyofuatana kwenda ndani, kila kimoja na mwanga mdogo kuliko kilichotangulia. Kwa duvi ubaridi huo ni neema. Tatizo ni chumba cha ndani kabisa, ambacho hata adhuhuri unahitaji taa. Basi mlete mbele, chumba kinachotazama kiwanda, yaani ua wa ndani, mahali panapoona mbingu lakini hapafikiwi na jua lenyewe. Kipimo changu ni rahisi. Saa 6 mchana kaa pale unapotaka kuweka tangi, ufungue gazeti. Ukisoma bila taa na bila kukaza macho, panatosha.

Kidaka, ile nafasi iliyochongwa ukutani, ni pazuri kwa kutazamwa, lakini mara nyingi kina kiza mno na hewa yake imekaa. Malindi shida huwa kinyume chake. Nyumba nyingi ni za mabati, mwanga ni tele na joto pia ni tele, hasa kaskazi linapoelekea mwisho, Februari na Machi. Hapo chagua kwanza chumba chenye ubaridi, kisha ndipo utazame mwanga. Tangi likae chini sakafuni, lisiwe juu ya kabati karibu na bati.

Mtoto mchanga tunamtoa kuota jua la asubuhi. Na duvi nimtoe?

Hapana. Naomba swali hili lisomwe kwa utulivu, kwa sababu duvi wengi wanaokufa majumbani wanauliwa na nia njema ya namna hii.

Duvi wa nchi kavu bado anapumua kwa matamvua, kama samaki. Yamebadilika yakaweza kutumia hewa, lakini hewa hiyo lazima iwe na unyevu, na matamvua yenyewe yawe majimaji wakati wote. Yakikauka anakosa pumzi taratibu, hata akiwa katikati ya hewa safi. Sasa chukua tangi la kioo au la plastiki uliweke juani. Miale inaingia, joto linashindwa kutoka, na kwa muda mfupi ndani panakuwa na moto kuliko nje. Duvi anafaa katika nyuzi 24 hadi 29 za Selsiasi. Ukipita 32 umeingia kwenye hatari, na tangi lililofunikwa likiwa juani hupita hapo upesi. Ufuoni angekimbilia kivulini au angechimba hadi kwenye mchanga baridi. Tangini hana pa kukimbilia, na mchanga wenyewe unapashwa moto kuanzia pembeni.

Dalili za joto kali ni kulegea, kuning'inia nje ya kombe, na kutoka majimaji ya kahawia yenye harufu mbaya. Akifika kwenye majimaji hayo, mara nyingi amechelewa kuokolewa. Kabla ya hapo, mhamishie kivulini papo hapo na umpe maji ya kawaida, si ya barafu. Nyunyizia mchanga maji ukae na unyevu, kisha mwache atulie bila kushikwashikwa.

Jua lisilopita kwenye kioo je? Ukiwa na boma la wavu uani, lenye mchanga mzito wenye unyevu na kivuli cha kweli katika zaidi ya nusu yake, mwenyewe atachagua. Uchaguzi huo ndio unaomlinda. Lakini si jua la adhuhuri, na usimwache bila mtu: kunguru na paka wa Lamu hawahitaji kuelezwa.

Nikilazimika kutumia taa, ninunue ipi?

Taa ya LED, nyeupe ya mchana, ndogo. Wati 5 hadi 9 zinatosha tangi la kawaida. LED hutoa joto kidogo, na hicho ndicho tunachokitaka. Balbu ya zamani, ile yenye waya unaowaka, hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme wake kuwa joto. Ukiining'iniza juu ya tangi umeweka jiko, na hewa ya ndani itakauka kabla hujatambua. Tyubu ya fluoresenti ni afadhali kuliko balbu hiyo, ila ndani yake mna zebaki. Ikivunjika, toa watoto chumbani, fungua madirisha, okota vipande kwa karatasi ngumu na usifagie.

Taa ikae nje ya tangi, juu ya kifuniko, upande mmoja tu. Upande wa pili uwe na kivuli: kifuu cha nazi kilichopasuliwa, kipande cha gogo, majani makavu. Duvi asilazimike kuoga mwanga asioutaka. Na baada ya kuweka taa yoyote mpya, pima upya. Kipima unyevu kisome asilimia 75 hadi 85. Hewa ya pwani yetu huwa karibu na hapo yenyewe, kwa hiyo kikishuka sana tafuta sababu ndani ya nyumba: taa, au feni inayopulizia tangini usiku kucha.

Nimeshauriwa kununua taa ya miale ya urujuanimno, ile ya kasa na mijusi.

Kwa mijusi na kasa ina kazi inayojulikana, ya kutengeneza vitamini D ili mwili utumie kalisi. Kwa duvi haijathibitishwa kwamba anaihitaji. Kalisi ya gamba lake huipata kwa kula: maganda ya mayai yaliyosagwa, mfupa wa dome unaookotwa ufuoni, vipande vya makombe. Mimi nisingetumia pesa hizo kwenye taa kabla ya kuwa na kipima unyevu na mchanga wa kutosha. Tena taa hiyo si salama kwa macho ya mtoto anayekaa akiitazama. Ukishainunua, jua kwamba kioo cha kawaida huzuia karibu miale yote ya aina inayotengeneza vitamini D, hivyo kuiwasha juu ya kifuniko cha kioo ni kuchoma umeme bure.

Usiku tunaacha taa ndogo ikiwaka kwa ajili ya watoto. Inamsumbua?

Inamsumbua. Tazama tofauti hizi. Mbalamwezi ya mwezi mpevu haizidi luksi 0.3, na luksi ndiyo kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu. Chumba chenye taa kina luksi 100 na zaidi. Jua la adhuhuri ufuoni hufika 100,000. Macho ya duvi yameumbwa kutembea katika ile sehemu ya luksi moja, kwa hiyo taa ambayo wewe unaiona hafifu, kwake ni kana kwamba jua halijatua.

Ndiyo maana watu husema duvi wao ni mvivu. Si mvivu, anasubiri usiku uingie. Zimeni taa, nyamazeni kidogo, mtamsikia akikwaruza kioo na kugeuza mawe.

Taa za buluu zinazouzwa kwa jina la mbalamwezi ndizo mbaya zaidi, kwani macho ya jamii ya kaa huwa makali kwa rangi za buluu na kijani. Nyekundu hawaioni vizuri, basi ukitaka kumtazama usiku tumia nyekundu hafifu, dakika chache, kisha izime. Mwezi halisi unaoingia dirishani hauna neno. Na kwa mtoto pia, chumba cha giza kinafaa: mwanga wa usiku hupunguza melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Kama mtoto anaogopa giza, taa yake iwekwe mlangoni na tangi lihamishiwe chumba kingine.

Amejifukia wiki tatu sasa. Nimulike nione kama yu hai?

Usimulike, usichimbue. Kuna uwezekano mkubwa anajivua gamba. Chini ya mchanga, gizani, anaacha gamba la zamani na kungoja jipya ligumuke, na katika siku hizo ni laini, hana nguvu, hawezi kujitetea. Mdogo humaliza katika wiki mbili hadi nne, mkubwa huchukua miezi miwili au zaidi. Mfukue katikati ya kazi hiyo na umemuua. Mchanga uwe na kina cha sentimita 15 angalau, na zaidi akiwa mkubwa, wenye unyevu wa kiasi cha kushikana ukiufinya. Ukitaka uhakika, tumia pua. Duvi aliyekufa hunuka samaki aliyeoza, na harufu hiyo haijifichi.

Tangi la kioo likiwa dirishani, mwanga hupenya hadi kwenye pango lake kupitia ubavuni. Bandika karatasi nzito kuzunguka sehemu yote yenye mchanga. Ni kazi ya dakika moja na watu wachache huikumbuka.

Stima ikipotea?

Hakuna tatizo. Mwanga wa dirishani unatosha. Usiwashe mshumaa wala kibatari karibu na tangi.

Tunaruhusiwa kuwachukua popote?

Hapana. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, haichukuliwi kitu, si duvi wala kombe tupu. Kabla ya kufuga mnyama wa porini ulizeni ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) iliyo karibu. Na hata pale pasipo hifadhi, fikirini. Ni nadra sana duvi kuzaliwa tangini: jike hushuka ukingoni na kuachia mayai yake baharini, na wachanga huanza maisha wakielea. Kwa hiyo karibu kila duvi aliye nyumbani ametolewa porini, ambako huweza kuishi zaidi ya miaka 20. Makombe tupu nayo ni nyumba za watakaokua. Nikiulizwa, nasema mtazameni jioni ufuoni kwa tochi nyekundu, kisha mwacheni. Kama amekwisha kuletwa na ni mzima, mrudisheni pale pale alipotolewa, jua likishatua, juu ya alama ya maji kujaa.

Na sisi wenyewe, kuna hatari gani?

Mbili za kuzingatia. Ya kwanza ni mikono. Duvi na maji yake wanaweza kubeba bakteria wa salmonela, kwa hiyo nawa kwa sabuni kila baada ya kumshika. Usimwage maji ya tangi kwenye sinki la vyombo, na watoto walio chini ya miaka 5 wamtazame tu. Akimbana mtoto kidole msimvute. Tieni mkono wa mtoto pamoja na duvi ndani ya maji ya vuguvugu, ataachia, kisha osheni kidonda kwa sabuni.

Ya pili ni umeme. Tangini mna bakuli la maji ya bahari, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri. Waya wa taa ushuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone likitiririka lianguke sakafuni. Ekstensheni isilale chini karibu na tangi. Chomoa taa kabla ya kutia mkono ndani, na mikono iwe mikavu unapochomoa.