Makumbi ni nini, na kwa nini yanafukiwa pwani?

Ukienda Jambiani au Paje, vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakiwa yametoka, utaona mawe yamerundikwa rundikwa kule chini pwani, mgeni anadhani watoto walikuwa wanacheza, kumbe chini yake pana mali ya mtu, tena mali ya mama wa watu.

Kumbi ni lile ganda la nje la nazi lenye nyuzi, linalobaki ukishaifua nazi kwenye kifuo. Usichanganye na kifuu, kifuu ni kile kigumu cha ndani tunachofanyia upawa na kuwashia moto. Watoto wa mjini wanachanganya sana haya mambo mana nazi wanaikuta dukani ishafuliwa.

Sasa kumbi hivi hivi halina kazi kubwa zaidi ya kuni, nyuzi zimeshikana na nyama laini ya kahawia na ukizivuta zinakatika. Ndo linafukiwa. Linachimbwa shimo pale maji yanapokupwa na kujaa, makumbi yanapangwa, yanafunikwa mchanga na mawe yasije yakachukuliwa na maji, afu yanaachwa miezi kadhaa. Kule chini hewa hakuna, bakteria wanaila ile nyama laini wanaziacha nyuzi, kwa sababu uzi wa nazi ni mgumu hauozi kirahisi. Siku ya kufukua, weee, harufu yake yai viza lina nafuu, na matope meusi mpaka viwikoni, ukirudi nyumbani hata usiseme ulikuwa wapi watu washajua.

Kazi hii ni ya akinamama tokea zamani. Wanayaponda kwa gongo, wanasuuza kwa maji ya bahari, wanaanika juani, hapo ndo unapata usumba, yaani nyuzi zenyewe zikiwa safi. Usumba unasokotwa kwa viganja kuwa kamba, unaongeza nyuzi kidogo kidogo kila inapopungua, na mkono wa mzoefu huwezi kuona wapi kaunga. Kila shimo lina mwenyewe na ndo akiba yake, anafukua akiwa na haja ya pesa.

Ulipoanza ukulima wa mwani kule mashariki mwaka 1989 wengi waliyaacha makumbi wakaingia kwenye mwani, na kamba za kufungia mwani wenyewe ni za plastiki! Mi naona kichekesho, pwani ile ile.

Na usiidharau kamba hii. Mitepe, vile vyombo vya baharini vya zamani, ilikuwa haina msumari hata mmoja, mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi na tanga lake mkeka, na ikibeba mizigo mwambao mzima huu. Maji ya chumvi hayaishindi kirahisi, ndo ilikokulia. Siku hizi utaiona zaidi kwenye vitanda vya kamba, kufungia boriti na mapaa ya makuti, pamoja na hoteli za kitalii ambazo zinataka kila kitu kionekane cha asili.

Ukinunua, isugue kwanza mkononi. Ikikumwagia unga unga wa kahawia basi haikupondwa sawasawa, au ilifukuliwa mapema mtu alikuwa na shida zake, hiyo mwambie akupunguzie bei au chukua nyengine.