Nyonga Ikivunjika: Kwa Nini Huyu Anafungwa Skrubu na Yule Anabadilishiwa Kiungo

Mzee akianguka akashindwa kusimama, mguu mmoja ukaonekana mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje, msiuvute wala kuukanda. Huenda mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Mpelekeni akapigwe eksirei.

Ndugu wa wagonjwa hutuuliza sana: mbona wa kitanda cha pili kafungwa skrubu, wetu mnataka kumbadilishia kiungo? Jibu liko kwenye damu. Kichwa cha mfupa wa paja, kile kinachozunguka ndani ya kikombe cha nyonga, hulishwa hasa na mishipa midogo inayopanda kwenye shingo ya mfupa. Shingo ikivunjika na vipande vikaachana, mishipa hiyo huweza kuchanika, na kichwa kikafa hata kama mfupa umeungwa vizuri. Kijana tunambahatishia: tunarudisha vipande haraka na kuvikaza kwa skrubu, kwani hakuna kiungo bandia kinachoushinda mfupa wake mwenyewe. Mzee hatumbahatishii, maana upasuaji wa pili utamchosha mno. Tunaondoa kichwa na kuweka cha chuma. Kama bado ni mtembeaji mzuri, tunabadilisha kikombe pia.

Mfupa ukivunjika chini ya shingo, damu huko ni ya kutosha na mfupa huunga. Chuma kirefu ndani ya mfupa, au bamba na skrubu, kinatosha.

Wapo pia ambao hawakuanguka kabisa. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika mfupa kwenye kiungo, limelika, au kichwa kimekosa damu kwa sababu ya selimundu, dawa za steroidi za muda mrefu au pombe nyingi. Akiwahi kabla kichwa hakijabonyea, tunaweza kukitoboa kupunguza shinikizo ndani yake. Akichelewa, hubaki kubadilisha nyonga nzima, upasuaji ambao John Charnley wa Uingereza aliuimarisha mwaka 1962. Nyonga nyingi za aina hiyo hudumu zaidi ya miaka 15.

Kwa mzee aliyevunjika, muda ni tiba: afanyiwe ndani ya siku mbili ikiwezekana. Kinachowaua wengi ni kulala tu, kunakoleta nimonia, vidonda vya mgongo na damu kuganda miguuni. Ndiyo maana tunamsimamisha kesho yake, hata akilalamika. Aliyebadilishiwa nyonga asikalie kiti kifupi wala kukunja nne wiki za mwanzo, kiungo kisije kikachomoka. Kidonda kikitoa usaha au shavu la mguu likivimba na kuuma, arudishwe hospitali siku hiyo hiyo.