Kabla ya Programu ya Simu, Hesabu Mikorosho Yako

Msimu wa kupulizia unapokaribia, wakulima wa Tandahimba, Newala, Masasi na Ruangwa hutuuliza sisi wataalamu wa ugani ni programu gani ya simu inayofaa kwa kilimo cha korosho. Nasi huwauliza: shambani kwako kuna mikorosho mingapi? Wengi hukadiria. "Kama mia hivi." Hapo ndipo kilimo cha kidijitali kinapokwama kwa familia nyingi za Mtwara na Lindi, maana mgao wa pembejeo, ushauri na makadirio ya mavuno vyote hutegemea takwimu za shamba zilizoingizwa mwanzoni, siku ya kuandikisha wakulima. Zikiingia za kubahatisha, hata simu ya bei kubwa haitazirekebisha.

Tuchukue mfano wa salfa, dawa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, yaani mikorosho 28 kwa ekari. Familia yenye ekari 3 zilizopandwa hivyo ina mikorosho 84. Mkorosho mkubwa huhitaji kama gramu 250 za salfa ya unga kwa mpulizo mmoja, kwa hiyo shamba zima ni kilo 21, na kwa mipulizo mitano ni kilo 105. Aliyeandikisha mikorosho 60 ataishiwa salfa kabla ya kumaliza mipulizo, wakati maua na korosho changa bado zinahitaji kinga. Aliyeandikisha 150 ambayo hana amechukua salfa ya jirani yake, na ubwiriunga ukibaki kwa jirani, vimelea vyake hupeperushwa na upepo hadi kwake.

Mashamba mengi ya urithi hayana mistari. Miti imepandwa popote, matawi yamefungamana, na hesabu ya 28 kwa ekari haifai kitu. Humo hesabuni mti kwa mti: mmoja anaweka alama ya chokaa kwenye shina, mwingine anaandika. Ukipima eneo kwa simu yenye GPS, tembea mpakani polepole, kisha rudia. Chini ya majani mazito kipimo kinaweza kukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo kilinganishe na kipimo chetu cha hatua 70 kwa 70 kwa ekari moja.

Baada ya hesabu linakuja suala ambalo kwa maoni yangu ni zito kuliko yote: namba ya simu iliyoandikwa ni ya nani? Anayepalilia, kuokota na kuanika korosho mara nyingi ni mama. Namba iliyo kwenye daftari ni ya baba, au ya kijana aliyekwenda Dar es Salaam, kwa sababu siku ya uandikishaji kitochi cha nyumbani, ile simu ndogo ya vitufe, kilikuwa kimeharibika. Ujumbe wa pembejeo unaenda Dar es Salaam, huku mama yuko Kitangari anasubiri habari. Tena kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao ardhi nyingi kwa desturi imefuata ukoo wa mama. Shamba la upande wa mke likiandikishwa kwa jina la mume pekee, ndoa ikivunjika au mume akifariki, mama anaweza kukosa pembejeo na malipo ya shamba alilolihudumia miaka yote. Familia ikae izungumze kabla ya uandikishaji. Kama mashamba ni mawili, kila mwenye shamba aandikishwe kwa jina lake, mikorosho yake, namba yake ya simu na akaunti yake ya benki. Wanaume wenzangu, hili halitupunguzii chochote.

Kwa hatua hii kitochi kinatosha. Huduma ya M-Kilimo ya Wizara ya Kilimo hupatikana kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo, bila bando. Utabiri wa mvua wa Mamlaka ya Hali ya Hewa nao husomwa redioni. Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo anayekosea tarehe ya kupanda mahindi au mtama hana vuli wala masika ya kumwokoa.

Simujanja huanza kulipa kwenye magonjwa, na moja inaweza kuhudumia kaya kadhaa. Ubwiriunga hushambulia machipukizi, maua na korosho changa kwa unga wa kijivu mweupe. Salfa huzuia ugonjwa kuenea, haifufui maua yaliyokwisha kuungua. Ndiyo maana mpulizo wa kwanza ukichelewa ni hasara, na ndiyo maana tarehe yake inafaa kuandikwa kwenye kalenda ya simu pamoja na kikumbusho cha kila siku 14. Puliza alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia.

Unapomtumia afisa ugani picha, mpe ya mti mzima, ya tawi lenye maua, na ya jani pande zote mbili, ukiwa kivulini. Picha moja ya mbali haitofautishi ugonjwa wa blaiti, wenye madoa ya kahawia kwenye majani, na makovu meusi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu, kwenye machipukizi. Ukiwaona majimoto, wale sisimizi wa mitini, juu ya mti, piga picha nao wakiwemo na usiwaue, kwani hula wadudu hao. Kwa mhogo ipo programu ya Nuru, inayozungumza Kiswahili na kutambua magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia hata pasipo intaneti. Majibu ya Nuru kuhusu mhogo msiyahamishie kwenye korosho.

Sokoni, korosho zimeuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, tangu msimu wa 2007/2008, na tangu 2024/2025 minada huendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania. Bei hupatikana kwenye skrini, lakini kilo zako huanzia kwenye mizani ya AMCOS, chama chenu cha msingi cha ushirika. Tunza risiti, ipige picha siku hiyo hiyo, kisha zidisha kilo kwa bei ya mnada, ondoa makato yaliyotangazwa, na ulinganishe na ujumbe wa benki. Mkulima mwenye hesabu hii mkononi huuliza maswali yanayojibika. Pia anaona wazi kile anachopoteza akiuza kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, mwezi wa nane.

Msimu wa malipo ni msimu wa matapeli pia. Hakuna ofisi inayohitaji namba yako ya siri ili kukuandikisha. Namba ya tapeli itume kwenda 15040. Na anayekuja kuchukua namba yako ya NIDA na picha ya shamba, muulize zinakwenda wapi na kwa kazi gani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kujua na ya kudai kosa lirekebishwe.

Kwa viongozi wa AMCOS, tunaomba kabla ya Juni kila mwanachama aonyeshwe taarifa zake: idadi ya mikorosho, jina, namba ya simu, akaunti. Asiyejua kusoma asomewe faragha, mbele ya mtu anayemwamini. Penye kosa lisahihishwe hapo hapo, na aondoke na nakala yenye muhuri.