Walianza kwa kumwomba mfalme

Muulize mtu Marekani ilipataje uhuru, na mara nyingi utapewa hadithi fupi: palikuwa na mfalme dhalimu ng'ambo ya bahari, akawakamua watu kodi, wakachoka, wakamkataa. Hadithi tamu, ila imeanzia mwisho. Hizi hapa dhana sita potofu, na kilichotokea kweli.

Dhana: Ugomvi ulikuwa juu ya kodi za Mfalme George III

Kodi zile zilitungwa na Bunge la Uingereza. Mwaka 1765 Bunge lilipitisha Sheria ya Stempu, iliyogusa magazeti, hati za kisheria, hata karata za kuchezea. Makoloni yake ya Marekani yakagoma, na sheria ikafutwa mwaka uliofuata. Lakini papo hapo Bunge likapitisha nyingine, likijipa mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria juu ya jambo lolote lile. Kiini cha mgogoro kiko hapo. Walowezi wa Boston na Virginia walijihesabu Waingereza kamili, na Mwingereza hutozwa kodi kwa ridhaa ya wawakilishi wake. Katika Bunge la London hawakuwa na mbunge hata mmoja, ilhali Virginia ilikuwa na baraza lake la kuchaguliwa tangu 1619.

Mfalme mwenyewe walimwona kwa muda mrefu kama mzee wa ukoo ambaye angeamua shauri. Julai 1775, damu ikiwa imekwisha kumwagika katika mapigano ya kwanza, Lexington na Concord, Kongresi (mkutano wa wajumbe wa makoloni) iliyokuwa ikikutana Philadelphia bado ilimwandikia ombi la suluhu. Alikataa kulipokea, na Agosti akawatangaza kuwa waasi. Januari 1776 mwandishi Thomas Paine akatoa kijitabu kilichoushambulia ufalme wenyewe, na miezi sita baadaye Azimio la Uhuru likamrundikia mfalme lawama, moja baada ya nyingine, huku Bunge likiguswa kwa mbali tu. Hoja yao ilikuwa ya kiwakili: ikiwa Bunge halikuwahi kuwa na mamlaka juu yao, basi kamba pekee iliyobaki kukatwa ilikuwa ya mfalme.

Dhana: Chai ilitoswa baharini kwa sababu ilipanda bei

Ilishuka. Sheria ya Chai ya 1773 iliiwezesha Kampuni ya East India kuuza chai kwa bei nafuu Marekani. Tatizo ni ushuru mdogo uliobaki ndani ya bei hiyo: ukiinunua, umekubali kwamba Bunge lina haki ya kukutoza. Usiku wa 16 Desemba makasha 342 yakatupwa katika bandari ya Boston. (Wauza chai ya magendo nao, tuseme ukweli, walikuwa na sababu zao za kununa.)

Dhana: Magna Carta iliwaletea Waingereza demokrasia

Hoja ya kodi kwa ridhaa ina mizizi ya kale, na wengi huitafuta katika Magna Carta, hati ya haki ya Uingereza. Juni 1215, kwenye uwanda wa Runnymede kando ya mto Thames, Mfalme John alibanwa aikubali na mabaroni wake (makabaila wenye ardhi), si na wananchi. Hakutia saini, hati ilipigwa muhuri. Ndani yake mna madeni, mirathi, wajane, hata amri ya kung'oa nyuzio za kunasia samaki mtoni. Ahadi maarufu kwamba mtu hatafungwa ila kwa hukumu ya wenzake au kwa sheria ya nchi ilimhusu mtu huru, na wakulima wengi wa wakati ule hawakuwa huru. Isitoshe, haikudumu hata miezi mitatu: Agosti Papa Innocent III aliitangaza batili, vita vikaanza.

Kilichoiokoa ni kifo cha John mwaka 1216. Walezi wa mwanawe, Henry III, aliyekuwa na miaka tisa, waliitoa upya ili kuwatuliza mabaroni. Hapo ndipo ninapotabasamu: katika toleo hilo kifungu cha kutaka ridhaa kabla ya kutoza kodi kiliondolewa! Hoja hiyo ilibidi ipiganiwe upya, kizazi baada ya kizazi, hadi mwanasheria Edward Coke na wenzake bungeni walipoitumia hati hiyo ya kale dhidi ya Mfalme Charles I, katika Ombi la Haki la 1628.

Dhana: Serikali haiwezi kuwekewa mipaka mpaka mfalme aondoke

Sheria ya Haki ya Uingereza ya 1689 ilimwachia mfalme kiti chake, ila ikamkataza kutoza kodi au kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila idhini ya Bunge. Katazo lake la adhabu za kikatili lilinakiliwa na Wamarekani, karibu neno kwa neno, katika Marekebisho ya 8 ya Katiba yao, ya mwaka 1791. Sisi huku tunajua kwamba uhuru na jamhuri ni siku mbili: Tanganyika ilipata uhuru 9 Desemba 1961, lakini Malkia Elizabeth II alibaki mkuu wa nchi hadi mwaka mmoja baadaye. Kenya vivyo hivyo, 1963 na 1964.

Dhana: Azimio la Uhuru la Marekani lilitiwa saini 4 Julai 1776

Kura ya kujitenga ilipigwa tarehe 2 Julai, maandishi yakapitishwa tarehe 4, na wengi walitia saini 2 Agosti.

Dhana: Aliyetaka uhuru alikuwa upande wa waasi

Novemba 1775 Lord Dunmore, gavana wa mfalme huko Virginia, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaotoroka na kujiunga na jeshi lake. Mmoja wa waliotoroka, mwaka 1776, ni Harry, mtumwa wa George Washington. Mwaka 1783 alikuwa kati ya watu weusi wapatao 3,000 walioandikwa majina New York kabla ya kuondoka na meli za Waingereza. Alikwenda Nova Scotia, kisha Sierra Leone. Huko, mwaka 1800, alishiriki uasi dhidi ya kampuni iliyotawala koloni lile. Walichokuwa wakikataa ni kodi ya ardhi.