Mjamzito na bidoni ya maji: tunachokataza na tunachoruhusu

Hapa Goma, mwenye mimba akionekana asubuhi anatembea kwa ajili ya mazoezi tu, wamama wa jirani watamkemea: "We mama, utatoa mimba!" Jioni huyohuyo akipanda kutoka ziwani na bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba imemkaza paji la uso, wanamsalimia na kumpisha njia. Tunakataza kisicho na hatari, tunaruhusu chenye hatari.

"Mazoezi yanatoa mimba." Si kweli. Mimba nyingi zinazotoka miezi ya mwanzo zinatoka kwa sababu ya hitilafu za kromosomu, zile zinazobeba urithi wa mtoto, na mama hakufanya kosa lolote. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani linamshauri mjamzito asiye na tatizo afikishe walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa siku tano. Kutembea kunatosha, na kunapunguza hatari ya kisukari cha mimba. Ambaye hakuzoea aanze na dakika kumi, aongeze polepole. Kipimo ni mdomo wako: ukiweza kuongea bila maneno kukatika, uko sawa. Ile sheria ya mapigo ya moyo yasizidi 140 kwa dakika ilitolewa na madaktari wa Marekani 1985, na wao wenyewe waliiacha 1994.

"Kubeba mizigo ndiyo mazoezi, tena kunarahisisha kuzaa." Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana wanaoisema ni watu wanaompenda huyo mama. Lita 20 za maji ni kilo 20, bidoni yenyewe hujaipima. Mwaka 2013 wataalamu wa afya kazini wa Marekani walipendekeza mipaka kwa mimba isiyo na matatizo: kabla ya wiki 20, kilo 16 hivi, tena kwa kunyanyua mara mojamoja, baada ya hapo, kilo 12 hivi. Anayenyanyua mfululizo zaidi ya saa moja kwa siku ashuke hadi kilo 8, na baada ya wiki 20 hadi 6. Na hiyo ni kwa mzigo ulio karibu na mwili, usawa wa kiuno. Bidoni ya ziwani inatolewa chini, juu ya mawe yanayoteleza, na mtu amejipinda. Kwa hiyo bidoni iliyojaa haimo kabisa katika hesabu hiyo.

Mimba inalegeza viungo, na tumbo linavuta mwili mbele. Mgongo unateseka, na kwenye barabara zetu za mawe ya volkano kuanguka ni rahisi. Kubeba mizigo mizito kila siku kumehusishwa pia na kuzaa kabla ya wakati.

Maji lakini lazima yafike nyumbani. Mama achukue bidoni ya lita 5. Aitanue miguu, akunje magoti, aivute karibu na mwili, apumue nje anapoinuka, asijizungushe kiuno. Zile za lita 20 zipande chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, au azibebe baba watoto. Ndiyo, baba watoto, hata majirani wakiangalia.

"Kulala chali ukifanya mazoezi hakuna shida." Mimba ikishapita nusu, uzito wa tumbo unaweza kukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, ukapata kizunguzungu. Lala ubavu.

Kuna wamama wasiofaa kuanza mazoezi bila ruhusa: mwenye presha ya mimba, mwenye kondo la nyuma lililokaa chini, aliyeshonwa mlango wa kizazi, mwenye upungufu mkubwa wa damu, ambao malaria inauleta sana kwetu. Ulizia hilo siku ya CPN, yaani kliniki ya wajawazito, mkunga akiwa na fishi (kadi) yako mkononi. Na ukiona damu, maji yanavuja, tumbo linauma kwa vipindi, kifua kinabana, kichwa kinauma vikali au shavu la mguu mmoja limevimba, acha unachofanya uende kituo cha afya siku hiyohiyo.